Kazi Iliyofungwa Ndani ya Kitanzi: Kusoma Mchoro wa Shinikizo na Ujazo

Fundi wa pikipiki anapotaka kujua kama injini ya mteja wake bado ina nguvu, hung'oa plagi, hukaza geji mahali pake, hufungua mafuta hadi mwisho, kisha hupiga kiki mara tano au sita. Mshale hupanda kwa mishtuko, hutulia penye namba fulani, tuseme 150 kwa kipimo cha pauni kwa inchi ya mraba, naye hutamka hukumu yake: ringi ni nzima, au ringi zimekwisha. Nimelitazama jambo hilo mara nyingi katika gereji za Jinja, na kila mara huniijia wazo kwamba namba ile, ambayo yaweza kumgharimu mwenye boda boda mapato ya wiki nzima, ni nukta moja tu ya picha kubwa zaidi. Picha yenyewe, inayoonyesha shinikizo lililomo ndani ya silinda kwa kila mahali pistoni inapofika, ndiyo inayoitwa mchoro wa shinikizo na ujazo, nayo ni miongoni mwa zana bora kabisa zilizowahi kubuniwa katika taaluma ya thamodinamiki, yaani elimu ya joto na kazi.

Wanafunzi wetu wa kidato cha tano na cha sita huuchora mchoro huu kwa ustadi. Ukiwaambia wachore mzunguko wa injini ya petroli, watakuletea mipindo miwili na mistari miwili ya wima iliyonyooka sawasawa, pamoja na mishale. Ukiwauliza mchoro huo unasema nini, wengi hunyamaza, kwa sababu wamejifunza umbo bila kujifunza kulisoma. Kwa upande mwingine, mafundi wa Busia, Malaba na Mbale, ambao huzungumza Kiswahili kazini kutwa nzima, wanayajua yanayotokea ndani ya silinda kwa masikio na kwa vidole vyao, lakini hawajapata kuonyeshwa kwamba yote wanayoyajua yanaweza kuwekwa kwenye karatasi moja. Ninaandika kwa ajili ya makundi hayo mawili, na jambo ninalotaka lishikwe ni moja: katika mchoro huu, eneo ni kazi. Anayelishika hilo atayafikia mengine kwa miguu yake mwenyewe.

Mchoro una mihimili miwili. Mhimili wa mlalo hubeba ujazo wa gesi, na mhimili wa wima hubeba shinikizo lake, ambalo vitabu vingine huliita kanieneo. Nukta moja juu ya karatasi hiyo inaeleza hali nzima ya gesi kwa wakati mmoja, kwa kuwa, ikiwa kiasi cha gesi kinajulikana na hakibadiliki, shinikizo na ujazo vikishajulikana halijoto nayo imejulikana. Kwa hiyo halijoto haihitaji mhimili wake. Imo tayari ndani ya kila nukta. Nukta iliyo juu na kulia ni ya gesi yenye joto kali kuliko nukta iliyo chini na kushoto, na mtu aliyezoea kusoma mchoro huliona hilo bila kukokotoa chochote.

Kuna kitu kimoja ambacho hakimo, na kukosekana kwake huwapoteza wengi. Muda haumo. Michoro mingi ambayo mwanafunzi amekutana nayo kabla ya huu, kuanzia mwendo wa gari hadi bei ya kahawa, huwa na muda kwenye mhimili wa mlalo, na macho yake yamezoea kusoma kutoka kushoto kwenda kulia kama anayesoma hadithi. Hapa kwenda kulia maana yake ni gesi kutanuka, na kwenda kushoto ni gesi kubanwa. Mstari unaweza kurudi ulikotoka, unaweza kujikata wenyewe, na unaweza kufunga kitanzi. Kitanzi kilekile kinaweza kuwa kimechukua sekunde kadhaa katika injini ya zamani ya mvuke au sehemu ndogo ya sekunde katika pikipiki inayopanda mlima, na mchoro haukuambii ni kipi kati ya hivyo viwili.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu shinikizo lenyewe. Geji ya kujazia upepo kwenye kituo cha petroli husoma sifuri pale tairi linapokuwa wazi, ilhali hewa haijaacha kukandamiza. Jijini Kampala, kwenye kimo cha takribani mita 1,190 juu ya usawa wa bahari, hewa hukandamiza kila kitu kwa kiasi cha kilopaskali 88 hivi, kilopaskali ikiwa kipimo cha shinikizo. Mombasa, kando ya bahari, ni kilopaskali 101. Geji huhesabu ziada iliyo juu ya hapo tu. Katika mchoro wetu, na katika kanuni zote za gesi, shinikizo linalotumika ni lile kamili linaloanzia kwenye ombwe tupu. Tairi la pauni 30 kwenye geji, ambazo ni kilopaskali 207, lina shinikizo kamili la karibu kilopaskali 295 likiwa Kampala. Nimeona majibu mengi ya mitihani yakiharibika kwa sababu hii peke yake, na mwanafunzi akiamini kwamba ameshindwa na fizikia, kumbe ameshindwa na geji.

Sasa tuje kwenye eneo. Gesi inapoisukuma pistoni, kani yake ni shinikizo mara eneo la uso wa pistoni. Kazi ni kani mara umbali. Lakini eneo la uso wa pistoni mara umbali iliosogea si kitu kingine ila ongezeko la ujazo, na hivyo kazi inayofanywa na gesi ni shinikizo mara ongezeko la ujazo. Kwenye karatasi, shinikizo ni urefu wa wima na ongezeko la ujazo ni upana wa mlalo. Ukivizidisha unapata eneo lililo chini ya mstari. Shinikizo likibadilika njiani, unaigawa njia katika vipande vyembamba, unajumlisha maeneo yake, na matokeo ni yaleyale. Vipimo navyo vimepangika vizuri kiasi cha kushangaza: kilopaskali moja mara lita moja ni jouli moja kamili, na jouli ndiyo kipimo cha kazi na nishati. Mtu anayechora kwa kilopaskali na lita anaweza kuhesabu miraba ya karatasi ya grafu na kupata jouli bila kubadilisha chochote.

Tuchukue mfano ambao kila msomaji anaweza kuufanya kwa penseli. Silinda ina lita 1 ya hewa kwa shinikizo la kilopaskali 200 na halijoto ya kelvini 300, yaani nyuzi 27 za Selsiasi. Iite nukta A. Tunataka kuifikisha nukta B, penye lita 2 na kilopaskali 100. Shinikizo mara ujazo ni 200 katika nukta zote mbili, kwa hiyo halijoto ya A na ya B ni moja, na nishati ya ndani ya hewa, ambayo kwa gesi ya namna hii hutegemea halijoto pekee, haikubadilika. Hadi hapo A na B ni kama ndugu wawili wa kimo kimoja.

Lakini kuna njia nyingi za kutoka A kwenda B. Njia ya kwanza ni kuipasha hewa joto huku ikitanuka kwa shinikizo lilelile la kilopaskali 200 hadi ifike lita 2, kisha kuizuia pistoni isisogee na kuipoza hewa hadi shinikizo lishuke kuwa 100. Sehemu ya kwanza ya safari hiyo ni mstari wa mlalo, na eneo lililo chini yake ni 200 mara 1, yaani jouli 200. Sehemu ya pili ni mstari wa wima, ambao hauna eneo chini yake kwa kuwa pistoni haikusogea. Njia ya pili ni kupoza kwanza na kutanua baadaye: shinikizo linashuka hadi 100 pistoni ikiwa imeshikwa, halafu hewa inatanuka kwa kilopaskali 100 kutoka lita 1 hadi 2. Kazi ni jouli 100 tu. Ukiichukua njia ya tatu, ya kutanua polepole huku halijoto ikishikiliwa palepale kwenye kelvini 300, utapata mpindo unaoteremka kwa ulaini, na eneo lake ni karibu jouli 139.

Mwanzo ni mmoja, mwisho ni mmoja, na kazi ni tatu tofauti. Ninamwomba msomaji asiiharakishe sentensi hiyo, kwa sababu hapo ndipo penye moyo wa somo. Shinikizo, ujazo na halijoto ni mali ya nukta. Kazi ni mali ya njia. Huwezi kusema kwamba hewa iliyo kwenye nukta B "ina" kazi ya kiasi fulani ndani yake, kama vile huwezi kumtazama msafiri aliyefika Kampala na kujua kwa kumtazama tu kama alitumia nauli ya basi au ya matatu. Joto nalo liko vivyo hivyo. Kwa kuwa nishati ya ndani haikubadilika, jumla ya joto lililoingia katika kila njia lazima ilingane na kazi iliyotoka: jouli 200, 100 au 139. Hiyo ni kanuni ya kwanza ya thamodinamiki ikiwa imevaa nguo za kazi.

Njia ya nne inastahili kutajwa kwa sababu injini huitegemea. Ukiifunika silinda isipitishe joto hata kidogo, hewa itatanuka kwa kutumia akiba yake yenyewe, na kwa hiyo itapoa. Mabadiliko ya aina hiyo huitwa ya kiadiabatiki. Mpindo wake huteremka kwa ukali kuliko ule wa halijoto isiyobadilika, kwa kuwa shinikizo linapungua kwa sababu mbili kwa pamoja: nafasi imeongezeka, na gesi imepoa. Hewa yetu ikitanuka hivyo kutoka A hadi lita 2, haifiki B kamwe. Inafika chini yake, kwenye kilopaskali 76 hivi, ikiwa na kelvini 227, ambazo ni nyuzi 46 chini ya sifuri, baada ya kufanya kazi ya jouli 121. Upande wa pili wa sarafu hiyo anaujua kila aliyewahi kujaza baiskeli upepo kwa pampu ya mkono: bana hewa kwa haraka, na sehemu ya chini ya pampu inachoma vidole.

Mambo mengine hayachoreki. Tairi likipasuka, kwa muda mfupi hakuna shinikizo moja la hewa yote iliyokuwamo. Hapa shinikizo ni kubwa, sentimita chache mbele ni dogo, na wimbi linapita katikati. Nukta ya mwanzo ipo na nukta ya mwisho ipo, lakini mstari wa kuziunganisha haupo. Mchoro unadai mabadiliko yawe ya taratibu kiasi kwamba gesi ibaki na shinikizo moja katika kila hatua. Kwa bahati njema, hata pistoni ya pikipiki inayokwenda mbio ni ya taratibu ikilinganishwa na kasi ya sauti inayosawazisha shinikizo ndani ya silinda, na ndiyo maana mchoro unafaa kwa injini halisi.

Tena ulianzia kwenye injini halisi, si ubaoni. Mnamo mwaka 1796 John Southern, msaidizi wa James Watt huko Uingereza, alikamilisha kifaa kilichokuwa na silinda ndogo, pistoni ndogo na springi, kilichounganishwa na silinda kubwa ya injini ya mvuke. Shinikizo lilipopanda, penseli ilipanda. Pistoni kubwa iliposogea, ubao wenye karatasi ulisogea nao. Injini ikajichora yenyewe. Watt na wenzake waliona kwamba eneo la umbo lililochorwa lilipima kazi ya kila mzunguko, wakaitunza siri hiyo kwa miaka mingi kwa sababu ilikuwa na thamani ya fedha: mwenye kifaa kile aliweza kugundua valvu inayofunguka kwa kuchelewa katika injini ambayo wengine waliiona nzima. Mwaka 1824 Mfaransa Sadi Carnot aliandika nadharia yake kuhusu nguvu itokanayo na moto, akaieleza karibu yote kwa maneno matupu, na wachache sana walimsikiliza. Alifariki mwaka 1832 akiwa na umri wa miaka 36. Miaka miwili baadaye, mwaka 1834, Émile Clapeyron aliichukua nadharia ileile na kuiweka juu ya mchoro wa shinikizo na ujazo, na kuanzia hapo ulimwengu ukaanza kuielewa. Kwangu mimi, hakuna ushahidi mzuri kuliko huo wa kazi ambayo mchoro unaweza kuifanya mahali ambapo maneno yameshindwa.

Turudi kwenye hewa yetu. Tukitoka A kwa njia ya kwanza, tunapata jouli 200. Tukirudi kutoka B hadi A kwa kuigeuza njia ya pili, yaani kuibana hewa kwa kilopaskali 100 hadi lita 1 kisha kuipasha joto hadi shinikizo lirudi 200, tunalipa jouli 100. Tumefunga kitanzi chenye umbo la mstatili, hewa imerudi ilivyokuwa, na mkononi tumebaki na jouli 100, ambazo ndizo eneo lililozingirwa na kitanzi. Injini yoyote ya joto, iwe ya petroli, ya dizeli au ya mvuke, ni mashine ya kuzunguka kitanzi cha namna hiyo kwa kufuata mwendo wa saa: gesi hutanuka juu, penye shinikizo kubwa, na kubanwa chini, penye shinikizo dogo.

Lakini tazama gharama. Ili kuishusha gesi kutoka njia ya juu hadi njia ya chini, ilitubidi kuipoza, na kupoza maana yake ni kutupa joto nje. Kwa hewa, hesabu ya kitanzi chetu inaonyesha kwamba joto linaloingia ni jouli 950 na joto linalotoka ni jouli 850. Ni jouli 100 pekee, kidogo zaidi ya asilimia 10, zilizogeuka kuwa kazi. Mtu anaweza kudhani kwamba joto linalotoka kwenye ekzosi na kwenye rejeta ni uzembe wa watengenezaji, na kwamba siku moja atazaliwa mhandisi hodari atakayelizuia lote. Mchoro unamjibu kwa upole: bila kutupa joto huwezi kurudi ulikoanzia kwa njia iliyo chini, na ukirudi kwa njia ileile uliyoijia kitanzi hakina upana, na kisicho na upana hakina eneo. Unaweza kupunguza joto linalotupwa kwa kuchagua umbo bora la kitanzi, na hapo ndipo ulipo ustadi wote wa kubuni injini, lakini huwezi kulifanya liwe sifuri.

Umbo lililochaguliwa katika injini ya petroli ni lile la Nikolaus Otto, aliyetengeneza injini ya mipigo minne mwaka 1876. Tuifuate ndani ya pikipiki iliyoegeshwa Kampala, yenye uwiano wa mbano wa 9 kwa 1. Pistoni inashuka na kufyonza mchanganyiko wa hewa na petroli kwa karibu kilopaskali 88. Kisha inapanda na kuubana hadi sehemu moja ya tisa ya ujazo wake. Kama mbano ungekuwa wa kiadiabatiki kamili na gesi ingekuwa hewa tupu, shinikizo lingefika kilopaskali 1,900 hivi, na halijoto ingepanda kutoka nyuzi 27 hadi karibu nyuzi 450. Hapo plagi inatoa cheche, mwako unatokea pistoni ikiwa karibu imesimama, na shinikizo linaruka juu kwa mstari unaokaribia kuwa wima. Pistoni inasukumwa chini kwa nguvu kwenye mpindo wa juu, valvu ya kutolea moshi inafunguka, shinikizo linaanguka, na moshi unafukuzwa.

Sasa tunaweza kumrudia fundi na geji yake. Pauni 150 ni kama kilopaskali 1,030 juu ya hewa ya nje, jumla kilopaskali 1,120 kamili, ambazo ziko mbali na 1,900 za nadharia. Je, injini ni mbovu? Hapana. Valvu ya kufyonza hufungwa pistoni ikiwa tayari imeanza kupanda, kwa hiyo mbano wa kweli ni mdogo kuliko ule ulioandikwa kwenye kitabu. Kuta za silinda baridi hunyonya joto. Na kwa mwendo wa polepole wa kiki, hewa hupata nafasi ya kupenya kidogo hata kwenye ringi nzima. Geji imeonyesha kilele cha mpindo wa chini, basi. Haikuonyesha mpindo wa juu, wala unene wa kitanzi kati ya mipindo hiyo miwili, na ndiyo maana pikipiki inaweza kuwa na mbano mzuri na bado ikashindwa kupanda mlima kwa sababu cheche inachelewa na kilele cha mwako kinafika wakati pistoni imeshakimbia.

Unene huo unaweza kuhesabiwa kwa njia rahisi ambayo wahandisi huipenda. Hugawanya eneo la kitanzi kwa ujazo unaopitiwa na pistoni, wakapata shinikizo la wastani lenye kufanya kazi. Tuchukulie pikipiki ya sentimita za ujazo 150, yaani lita 0.15, na shinikizo la wastani la kilopaskali 800. Kila kitanzi kinatoa jouli 120. Kwa mizunguko 6,000 ya kranki kwa dakika, vitanzi ni 50 kwa sekunde, kwa sababu mipigo minne huchukua mizunguko miwili. Hivyo nguvu ndani ya silinda ni wati 6,000. Kutoka eneo la karatasi tumefika kwenye uwezo wa kumbeba abiria na mkungu wake wa matoke hadi juu ya kilima.

Hapo hapo tunapata maelezo ya jambo ambalo madereva wa malori wanaotoka Mombasa wanalijua kwa uzoefu: injini isiyo na turbo hulegea kadiri inavyopanda bara. Mstari wa kufyonza umeshuka kutoka kilopaskali 101 hadi 88, na kitanzi chote kimeshuka pamoja nao, kwa kuwa hewa kidogo haiwezi kuchoma mafuta mengi. Baridi ya bara hurudisha kidogo, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito zaidi, lakini bado injini hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake ikifika Kampala, na zaidi ya hapo ikipanda kuelekea Kabale. Turbo huuinua mstari wa kufyonza juu ya shinikizo la hewa ya nje, na kitanzi kinanenepa tena.

Injini ya dizeli, ile ya kinu cha kusagia unga wa posho katika miji mingi midogo, hubana hewa pekee, na huibana zaidi. Kwa uwiano wa 18 kwa 1, nadharia inaipa hewa halijoto ya nyuzi 680 hivi, na dizeli ikinyunyizwa humo huwaka bila cheche. Kwa kuwa mafuta huingia hatua kwa hatua huku pistoni ikianza kushuka, kilele cha mchoro katika nadharia si ncha bali ni uwanda mfupi wa mlalo. Injini ya Rudolf Diesel iliyopimwa mwaka 1897 mjini Augsburg, Ujerumani, iligeuza karibu asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, kiwango ambacho injini za mvuke za wakati ule hazikukikaribia.

Kitu kimoja zaidi kuhusu injini ya petroli, kwa sababu vitabu hukiruka. Mchoro halisi uliopimwa kwenye silinda hauna kona kali, na chini yake kuna kitanzi cha pili, chembamba, kinachozunguka kinyume cha mwendo wa saa. Hicho ni kitanzi cha kufyonza na kutoa moshi: pistoni hufyonza kwa shinikizo lililo chini kidogo ya hewa ya nje na hufukuza moshi kwa shinikizo lililo juu yake kidogo. Eneo lake ni hasara. Dereva anapofungua mafuta kidogo tu, njia ya hewa inakuwa nyembamba, shinikizo la kufyonza linashuka sana, na kitanzi hicho cha hasara kinanenepa huku kile kikubwa kikikonda. Ndiyo sababu moja kubwa kwa nini injini ya petroli inayokwenda bila mzigo hula mafuta mengi kwa kazi ndogo.

Kitanzi kinachozunguka kinyume si hasara siku zote. Pale Masese, Jinja, kando ya Ziwa Viktoria, sangara aliyevuliwa alfajiri huhitaji barafu kabla jua halijapanda, na mashine inayotengeneza barafu hiyo huzungusha gesi yake kinyume cha mwendo wa saa: hutanuka chini, penye shinikizo dogo, ikinyonya joto, na hubanwa juu, penye shinikizo kubwa, ikilitema joto hilo nje. Eneo la kitanzi sasa ni kazi tunayoilipia kwa umeme.

Nimeacha kwa makusudi mfano ninaoupenda kuliko yote uwe wa mwisho, kwa sababu hauna gesi ndani yake. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanafiziolojia wa Ujerumani, Otto Frank, alipima shinikizo na ujazo wa moyo wa chura na kuvichora kama Southern alivyochora injini. Leo madaktari wa moyo huchora kitanzi hichohicho kwa chemba ya kushoto ya moyo wa binadamu. Chemba hujaa damu kwa shinikizo dogo hadi kufikia kama mililita 120. Misuli hukaza na valvu zote zikiwa zimefungwa, mstari ukapanda wima. Valvu ya kutolea hufunguka na mililita 70 hivi husukumwa nje kwa shinikizo la wastani la kama kilopaskali 13. Kisha misuli hulegea, mstari ukashuka wima. Ujazo umepungua juu na kuongezeka chini, kwa hiyo kitanzi kimezunguka kinyume cha mwendo wa saa, na msomaji aliyefika hapa anajua maana yake: kazi imefanywa juu ya damu, na aliyeifanya ni msuli. Lita 0.07 mara kilopaskali 13 ni karibu jouli 0.9. Ni kazi inayokaribia ile ya kuinua nusu lita ya maji kwa sentimita 20, nayo hurudiwa mara 70 hivi kwa dakika, mtu akiwa ameketi tu anasoma.